Mafuta kuzunguka moyo na presha: nani anamsababisha mwenzake?

Siku hizi Mbeya ukitaka kumnyima mtu usingizi, mwambie moyo wake umezungukwa na mafuta. Maneno hayo yamezagaa kwenye bajaji, kwenye vikao vya vikoba, misibani, na zaidi kwenye vipaza sauti vya wauza dawa Mwanjelwa: presha yako inatoka kwenye mafuta ya moyo, kunywa hii wiki moja, mafuta yote yanayeyuka, vidonge utavisahau. Wakati huohuo wapo watu wanaotoka hospitali na karatasi ya kipimo cha kupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, kile tunachokiita eko, na kweli imeandikwa kwamba kuna mafuta kuzunguka moyo. Mtu anaisoma, anamkumbuka yule wa kipaza sauti, anaunganisha mawili hayo, na kesho yake kidonge cha presha kinabaki kwenye droo.

Uhusiano upo kweli. Watafiti wa moyo wamekuwa wakiupima kwa zaidi ya miaka 20, na wagonjwa wa presha wakilinganishwa na wasio na presha, kwa jumla huonekana kuwa na tabaka nene zaidi la mafuta hayo. Shida ni ile hatua ya pili, ya kurukia kusema kwamba basi mafuta ndiyo chanzo na kuyaondoa ndiyo tiba.

Presha kwanza, maana ndiyo fupi kueleza. Ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa inapopita. Namba ya juu ni pale moyo unapokaza, ya chini ni pale unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Ikiwa 120 kwa 80 hakuna neno. Ikifika 140 kwa 90 au kupita hapo, hata namba moja tu kati ya hizo mbili, na ikarudia hivyo siku tofauti, mtu ana shinikizo la juu la damu. Wengi hawasikii chochote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa wakiishi na hali hii, na karibu nusu yao hawakujua. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwakuta nayo takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo kwenye bajaji yenye abiria watatu na dereva, hesabu unaweza kuifanya mwenyewe.

Mafuta yapi hasa?

Hapa ndipo panapovurugika, kwa sababu tukisema "mafuta kwenye moyo" tunabeba mambo manne kwenye kapu moja. Kuna lehemu, yaani kolesteroli, inayotembea ndani ya damu. Hiyo hupimwa kwa kutoa damu, eko haiioni. Kuna lehemu iliyokwisha kujipenyeza kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo, ikajenga vivimbe kwa miaka na kubana njia. Hiyo ndiyo watu wanayoiita mishipa kuziba, na ndiyo inayoleta mshtuko wa moyo. Kuna chembe za mafuta zinazojificha ndani ya misuli yenyewe ya moyo, ambazo kuziona kunahitaji mashine kubwa. Na kuna haya tunayoyazungumzia leo: mafuta yaliyolala juu ya misuli ya moyo, ndani ya mfuko mwembamba unaoufunika.

Aliyewahi kununua moyo wa ng'ombe buchani ameyaona kwa macho. Ukiushika, nyama ni nyekundu iliyokoza, halafu kuna ukanda mweupe wenye unjano uliojaa kwenye mifereji, umefuata njia za mishipa mikubwa na kuifunika. Muuza nyama wakati mwingine huukata na kuutupia mbwa. Sisi nasi tunao. Anao mkulima wa Ileje anayepanda mlima kila siku na mkungu wa ndizi kichwani, anao mwanariadha, anao mtoto. Wala haukai pale bure: moyo hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, na tabaka hili ni akiba iliyo jirani kabisa. Pia huilinda mishipa isiumizwe na mtikisiko wa mapigo, na husaidia kuipa joto.

Kwa hiyo kukutwa na mafuta kuzunguka moyo si ugonjwa, kama kukutwa na ini si ugonjwa. Kinachoangaliwa ni unene wake, na hata hapo hakuna namba moja ambayo dunia nzima imekubaliana kwamba ikivukwa basi mtu ni mgonjwa. Ndiyo maana daktari mmoja ataliandika kwenye karatasi na mwingine atalipita kimya.

Usiyachanganye pia na maji kuzunguka moyo. Kwenye picha ya eko mawili hayo yanaweza kufanana kwa asiye mzoefu, lakini ni mbali kama Tunduma na Tanga. Maji yakijaa kwenye ule mfuko huubana moyo ushindwe kujaa damu, na kwa nchi zetu sababu kubwa mojawapo ni kifua kikuu. Ukiambiwa una maji, siku hiyohiyo fuata unachoambiwa na hospitali.

Kwa nini basi yahusiane na presha?

Mahali pengi mwilini, mafuta na misuli vimetenganishwa na utando. Kwenye moyo hakuna. Mafuta yamekaa moja kwa moja juu ya misuli, na vyote viwili vinapata damu kutoka mishipa ileile midogo. Ni kama wapangaji wawili waliowekwa chumba kimoja bila hata pazia katikati: mmoja akikaanga pilipili, mwenzake lazima akohoe.

Mafuta yakiwa ya kiasi, kinachotoka humo ni kemikali zinazoutuliza moyo na mishipa. Yakizidi, chembe zake zinavimba, zinakosa hewa ya kutosha, na hali inageuka. Zinaanza kutoa kemikali za uvimbe, zilezile ambazo mwili huzitumia kupambana na kidonda, tofauti ni kwamba hapa kidonda hakuna na kazi haiishi. Mishipa inakuwa migumu, inapoteza wepesi wa kutanuka damu inapopita. Chembe za mafuta pia hutengeneza malighafi ya homoni inayobana mishipa na kuiamuru figo ishike chumvi. Mshipa uliobana na chumvi iliyobaki mwilini, hapo presha ina kila sababu ya kupanda.

Nikiishia hapo utasema muuza dawa alikuwa sahihi. Lakini tabaka la moyoni ni dogo mno kulinganisha na mafuta mengine ya aina hiyohiyo yaliyoko mwilini. Mafuta ya moyo na yale yanayozunguka utumbo yana asili moja: yanatokana na tabaka lilelile la chembe wakati mtoto anajiumba tumboni mwa mama yake. Na ukubwani huenda pamoja. Yakijaa tumboni, na moyoni yanaongezeka. Mwenye kitambi kigumu, kile kisichobonyea kwa sababu kimejaa kwa ndani, mara nyingi ndiye atakayekutwa na tabaka nene moyoni.

Na hayo ya tumboni ndiyo yenye nguvu kubwa juu ya presha. Yanazizunguka figo na kuzibana, nazo zinashindwa kutoa chumvi na maji inavyotakiwa. Yanatoa homoni inayochochea neva zinazouharakisha moyo na kubana mishipa. Yanaufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, ile homoni inayodhibiti sukari ya damu, na insulini ikipanda, figo zinashika chumvi zaidi. Ongeza shingo nene na koromeo lililosongwa na mafuta: mtu anakoroma, pumzi inakatika mara nyingi usiku, na kila ikikatika presha inaruka. Mkewe anajua habari hiyo kuliko daktari.

Upo pia mshale unaokwenda kinyume, ambao vipaza sauti haviutaji kabisa. Presha ikikaa juu kwa miaka, moyo unasukuma damu kwa shida na misuli ya chemba ya kushoto inanenepa. Uchunguzi wa mioyo ya marehemu umeonyesha kwamba misuli inaponenepa, mafuta yaliyo juu yake nayo huongezeka, kiasi kwamba uwiano wa mafuta na misuli unabaki karibu uleule. Yaani kwa baadhi ya watu presha ndiyo iliyotangulia na mafuta yakafuata.

Mama mmoja wa Uyole aliyekuwa na karatasi yake mkononi aliniuliza: "Sasa mwanangu, nikiyatoa haya mafuta, presha si inaisha?" Shikamoo yake niliitoa vizuri, jibu nikalitoa kwa uoga: hapana mama, si lazima. Kwanza hakuna njia ya kuyatoa ya moyoni peke yake. Pili, ukifanya yale yanayopunguza mafuta ya mwilini, presha inaweza kushuka pamoja nayo, lakini presha ina wazazi wengi: kurithi, umri, chumvi, pombe, figo, na kwa akina mama waliokoma hedhi, homoni zinazopungua na kuyahamishia mafuta tumboni. Tafiti nyingi za mafuta ya moyo huwapima watu mara moja na kukuta mambo mawili yamekaa pamoja. Kukaa pamoja hakusemi nani alimleta mwenzake. Kwa mtazamo wangu, mafuta kuzunguka moyo ni habari kuhusu tumbo lako kuliko kuhusu moyo wako.

Ya kwetu huku nyanda za juu

Tuna mambo yetu mawili matatu. Baridi ni mojawapo. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Njombe asubuhi kukiwa na sakitu kwenye majani, mishipa ya ngozi inajibana kuzuia joto lisitoke, na presha inapanda kidogo kwa karibu kila mtu. Mgonjwa aliyekuwa vizuri mwezi wa pili anaweza kukuta namba zimesogea mwezi wa saba bila kuongeza hata gramu moja ya mafuta popote. Huo si wakati wa kupunguza dawa kwa kujiamulia.

Baridi hiyohiyo inaharibu kipimo. Mtu anaingia kliniki ya Makambako na fulana, shati, sweta na koti. Kwa haraka, mkanda wa mashine unafungwa juu ya sweta, au sweta linavutwa juu hadi linakaza mkono wa juu. Namba itakayotoka haina maana. Vua mkono mmoja kabisa, hata kama utatetemeka. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na nyamaza. Umetoka kupanda mlima wa Isanga kwa miguu? Subiri. Umebanwa mkojo? Nenda kwanza. Nimeona foleni ambamo mtu anapimwa akiwa amesimama, anajibu maswali ya majina yake, halafu anaandikiwa dawa kwa namba hiyo. Una haki ya kuomba urudiwe, kwa heshima tu: "Dada, samahani, naomba nipumzike kidogo unipime tena."

Jingine ni chakula, na hapa kitimoto hubebeshwa lawama yote. Mtu anaamini mafuta ya nguruwe aliyokula jana Soweto, ya hapa hapa Mbeya, yamepanda moja kwa moja yakaganda moyoni. Haiendi hivyo. Chakula kinavunjwavunjwa tumboni, na mwili hujitengenezea akiba kutokana na ziada yoyote: ya nyama, ya chipsi za viazi vya Njombe, ya wali wa Kyela uliojaa sahani, ya soda, ya chai yenye vijiko vinne vya sukari, ya bia nne za jioni. Mlo wa kitimoto una kasoro zake, ila mara nyingi kinachopandisha presha haraka ni chumvi inayonyunyiziwa juu kama mvua ya masika, pamoja na bia zinazoshushia. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya kwenye mboga, mkate na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Pombe nayo hupandisha presha yenyewe kama yenyewe, iwe bia ya chupa au ulanzi wa Iringa.

Parachichi limesingiziwa pia. Nimesikia Rungwe, huko huko linakotoka, mtu mwenye presha akikatazwa kwa sababu "lina mafuta". Mafuta yake ni ya aina ambayo haipandishi lehemu mbaya, na tunda lina potasiamu, madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi. Kula nusu, hakuna shida. Isipokuwa mwenye figo zilizochoka aulize daktari wake, kwa sababu ya potasiamu hiyohiyo.

Wembamba nao wasijione wamesalimika. Kuna watu wa mikono myembamba na tumbo la mbele ambao mizani haiwashtaki. Chukua kamba ndefu kama urefu wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na hapo kuna mafuta ya ndani ya kushughulikia. Kamba hiyo itakuambia mengi yaleyale utakayoambiwa na eko, na haina foleni. Na wapo wembamba kabisa, wa kamba kukutana na kubaki, ambao wana presha kwa kurithi au kwa figo. Hao wakiambiwa habari za kuyeyusha mafuta wanapotezewa muda.

Limao, tangawizi na siku saba

Hoja ya kuyeyusha inavutia kwa sababu tumeona limao likikata mafuta kwenye sufuria. Lakini limao likifika tumboni linakuta asidi kali kuliko yenyewe, na mafuta ya moyoni hayajamwagika mahali yakaganda. Yamefungiwa ndani ya chembe hai zenye damu na neva. Zinapungua pale tu mwili unapoyatumia kwa kazi. Kitunguu saumu, tangawizi, mdalasini, vyote ni viungo vizuri vya chakula, na vikipunguza haja ya chumvi kwenye mboga ni faida. Visichoweza ni kuchagua mafuta ya moyo na kuyaondoa kwa wiki. Baadhi ya dawa za chupa zinazouzwa stendi zina kitu cha kuharisha au kukojoza. Mtu anapungua kilo mbili za maji, anashangilia, zinarudi Jumapili.

Kinachoyapunguza kweli kinajulikana, nacho hakina mvuto wa kipaza sauti. Watu wanene wakipungua uzito, tabaka la moyoni huonekana kupungua kwenye vipimo. Mazoezi hupunguza mafuta ya ndani hata pale mizani inapokataa kusogea sana; dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kuhema kidogo zinatosha kuanzia, na kwa mji wenye milima kama wetu, kuacha bajaji kwa safari moja kwa siku ni mazoezi kamili. Upande wa presha, kwa wastani kila kilo moja ya uzito unaozidi inayopotea huishusha namba ya juu kwa takriban pointi moja. Mwenye 150 akipungua kilo sita, hesabu inaonyesha faida na inaonyesha pia kwa nini bado anahitaji kidonge.

Zipo dawa mpya za kisukari na unene ambazo katika tafiti zimeonekana kupunguza mafuta haya. Bei zake ni za kukaa chini, na haziandikwi kwa sababu tu ya neno lililoonekana kwenye karatasi ya eko. Vidonge vya kawaida vya presha havilengi mafuta hata kidogo. Vinashusha nguvu ya damu ili ubongo, moyo na figo visiumie wakati wewe unapambana na tumbo. Wanaosema vidonge vinaharibu figo wameigeuza habari: presha isiyotibiwa ndiyo inayoziharibu. Ukiona mguu unavimba au unakohoa kikohozi kikavu tangu uanze dawa, rudi ubadilishiwe. Aina ziko nyingi.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kama mtu arudie eko baada ya miezi mitatu kuangalia mafuta yamebaki kiasi gani. Kwa mafuta peke yake, kwa kawaida hakuna haja. Eko inarudiwa daktari anapotaka kuona misuli, milango ya moyo au nguvu ya kusukuma, na atakuambia lini. Hela ya eko hiyo, ongezea kidogo ukiweza, ununue mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono, na hakikisha mkanda unakuenea, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, andika kwenye daftari tarehe na namba zote mbili, na siku ya kliniki nenda na daftari hilo.